Mtindi wa Mke Mwenzangu

Mke mwenzangu aliletwa nyumbani kwangu Miburani mchana wa mvua, ndani ya bajaji, amejitanda khanga mbili na kukumbatia beseni la plastiki lenye nguo zake. Mume wetu alikuwa ametangulia kwa pikipiki. Alisimama chini ya upenu akikung'uta maji kwenye kofia yake, akaikung'uta tena na tena, kana kwamba siku ile mgonjwa alikuwa kofia.

Alikuwa ameniomba siku chache kabla. Alikuja zamu yangu, akala, akanawa mikono, akasema akiwa ametazama ukuta, "Hana mtu. Mama yake alishafariki, na kaka zake kule Kanga wana wake zao. Mimi nasafiri. Wewe una chumba." Alikuwa anavusha nazi kutoka kisiwani kwetu kupeleka Dar es Salaam, na ni kweli kwamba alikuwa hakai. Nilimwambia sawa, amlete. Baadaye watu walinisifu kuwa nina moyo wa peke yake. Sikuwa na moyo wowote. Nilikuwa na chumba, watoto wangu walikuwa wameshaoa na kuolewa na kutawanyika, na nilijua fika kwamba nikikataa nitasemwa mimi, wala si yeye mwanamume.

Tulikuwa tumeishi wake wa mtu mmoja kwa miaka mingi bila kuwahi kukaa chumba kimoja, ila kwenye hitma au harusi ya jamaa. Yeye alikuwa na nyumba yake Kilindoni. Tukikutana msibani tulisalimiana kama watu wa vijiji viwili wasiogombana wala kutembeleana. Nilichokijua juu yake kilikuwa kidogo: kwamba ni mzaliwa wa Kanga, kwamba alikuwa mpishi katika hoteli ya wageni huko Utende, kwamba ana binti mmoja anayesoma chuo Dar. Na nilijua kicheko chake. Nilikisikia harusini mara moja, nyuma ya pazia, kicheko kikubwa cha mtu asiyeogopa kutazamwa, na nilikaa na kicheko kile kichwani miaka mingi kuliko nilivyotaka.

Aliyeshuka kwenye bajaji hakuwa na kicheko. Alikuwa ameshikwa na saratani ya koo, akapelekwa hospitali kubwa Dar, akachomwa mionzi, na sasa ngozi ya shingo ilikuwa imeiva na kuwa nyeusi kama iliyopitiwa na pasi. Ndani ya kinywa kulikuwa kumechubuka kote. Mate yalikuwa yamekauka, na sauti iliyobaki ilikuwa ya kukwaruza.

"Shikamoo, dada," alisema akiwa bado ameshikilia ukingo wa bajaji.

"Marahaba. Karibu ndani. Pole na safari."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu ya siku nzima.

Jioni nilimpikia wali laini wa nazi na mchuzi wa samaki changu, nikauacha mwepesi bila pilipili. Alichukua tonge dogo, akaliweka mdomoni, akafumba macho. Alikaa nalo. Kisha akalitoa taratibu kwenye ncha ya khanga, akasema, "Ahsante." Asubuhi nikampa uji wa mchele wenye sukari, akashindwa. Nikampikia mtori wa ndizi, akaonja, akausogeza pembeni. Kila sahani iliyoingia chumbani mle ilirudi kama ilivyokwenda, na mwanamke yeyote anayepika anajua sahani iliyorudi imejaa inavyokuja na maneno yake. Jirani yangu mmoja, alipoona namwaga uji, alininong'oneza, "Huenda anaogopa utamlisha kitu." Ndivyo watu wanavyosema juu ya wake wenza, hata mmoja wao anapokuwa amelala hajiwezi.

Niliingia chumbani na neno lile limenikaa kooni.

"Waogopa chakula changu?" nilimwuliza.

Alinitazama bila kukasirika. "Ningekuwa naogopa ningekuja, dada?" Akatafuta mate kwanza. "Si chakula chako. Hata maji yananichoma. Sukari inachoma. Nazi naisikia kama mafuta ya taa."

"Sasa nikupe nini? Huwezi kukaa hivyo hivyo."

Nadhani aliona aibu kuomba. "Mtindi," alisema. "Ule mzito, wa baridi. Kule hotelini tulikuwa tunatengeneza sosi yake, ya majani na ndimu. Wageni walikula nayo samaki. Nilipolazwa Dar niliwaza kitu hicho tu."

Mtindi nilikuwa naujua kama kila mtu anavyoujua, wa kunywa na wa kumwagia wali. Mtindi wa kutiwa majani na kuwa kitoweo ulikuwa mgeni kwangu. Lakini alikuwa ametaja kitu, na baada ya siku zile za sahani kurudi zimejaa, kutajiwa kitu kulikuwa nafuu.

Maziwa niliyapata kwa mzee mmoja mwenye ng'ombe, njia ya Baleni, kijiji nilichozaliwa. Nilikuwa naondoka asubuhi na kidumu, napanda pikipiki ikipatikana, isipopatikana natembea. Siku ile ya kwanza nilirudi na maziwa na kopo dogo la mtindi wa jana alionipa mke wa mzee yule uwe kianzio cha kugandishia. Mke mwenzangu alijikokota mpaka mlango wa jiko, akakaa juu ya mkeka, mgongo kwenye kizingiti, akaanza kunielekeza kwa sauti yake ile ya mchanga.

"Yachemshe mpaka yapande, uyashushe. Usiyatie kitu. Yaache yapoe mpaka kidole kivumilie humo."

Mimi nilikuwa na haraka. Nilimwona amekonda, nikafikiri nimrahisishie njia: kama mwisho wa yote ni uchachu, kwa nini tusubiri mpaka kesho? Nikakata ndimu, nikaikamua ndani ya maziwa ya moto. Yakakatika hapo hapo, mabonge huku na maji huku. Nilibaki nimeshika mwiko.

Nikasikia kitu nyuma yangu, kama mtu anayepiga chafya iliyozuiwa. Nikageuka nikidhani amepaliwa. Alikuwa anacheka. Kilikuwa kipande tu cha kile kicheko, kikavu, na kilimwumiza, kwa sababu alishika shingo. Nami sikujua nichukie au nicheke, nikamwaga yale mabonge kwenye chombo cha kuku.

Kesho yake nilifanya alivyosema. Yalipopoa nikatia kianzio kijiko kimoja, nikakoroga, nikafunika sufuria na kulizungushia blanketi kuukuu kama mtoto mwenye homa, nikaliacha pembeni ya jiko. Kulipokucha maziwa yalikuwa yameganda, yanatikisika. Lakini alipoyaona alitikisa kichwa. Ule wa hotelini ulikuja na ndege, alisema, ndani ya ndoo, mzito hata kijiko kinasimama. Wetu ulitakiwa uchujwe. Nikachana shuka jeupe lililochakaa, nikaliosha kwa maji ya moto, nikamimina mtindi humo, nikafunga ncha na kuutundika kwenye msumari juu ya beseni. Maji yalidondoka asubuhi nzima, maji ya manjano yenye kijani kidogo.

Kilichobaki ndani ya kitambaa kilikuwa kizito na laini kama malai. Nikakitia kwenye bakuli.

"Sasa kitunguu thomu," alisema. "Punje moja, na chumvi yake, kwenye kinu. Ponda mpaka usione punje."

Nikaponda. Kotimiri nilikuwa nimenunua sokoni Kilindoni, na mnanaa nilichuma kwa jirani, aliyeupanda penye bomba kwa ajili ya chai. Akaniambia nisikate kama nakata mchicha, nikusanye majani yawe kitita, nikate kwa kisu kikali, nyembamba nyembamba, nisiyakandamize yakatoa maji. Halafu ganda la limau. Hapo ndipo alipokuwa mkali kidogo. Sikuwa na kikunio chochote ila kile cha karoti, nikatumia upande wake wenye matundu madogo.

"La juu tu, dada. Hilo lenye rangi. Ukifika kwenye nyeupe umeshaharibu, ni chungu."

Nikakwangua, ncha za vidole zikakwanguka pia. Kisha maji ya ndimu, kidogo kidogo, huku nakoroga, na mafuta kijiko kimoja. Ule mtindi ukalainika, ukawa unang'aa, mweupe wenye vipande vya kijani.

"Onja," alisema. "Ulimi wangu hausemi kweli siku hizi."

Nikaonja. Ulikuwa mchachu na baridi, na nyuma ya uchachu harufu ya lile ganda ilipanda mpaka puani. Sikuupenda sana. Ulikuwa ladha ya watu wengine, ya kule hotelini kwake, mahali ambapo alikuwa na maisha nisiyoyajua. Nikamwambia ni mzuri.

"Chumvi?"

"Imekolea."

Nilikuwa nimechemsha kipande cha changu. Nikakichambua miiba, nikakiponda kwa uma, nikamimina ile sosi juu yake. Alikula. Alikula polepole sana, anatua, anaanza tena, mpaka bakuli likabaki na michirizi tu. Kisha akalala pale pale, kichwa kwenye kizingiti. Mimi nilisimama jikoni na lile bakuli mkononi. Watu wangetarajia nifurahi. Nilichosikia kilikuwa kizito, karibu na huzuni, kwa sababu sasa nilijua anachoweza kula, na nilijua ni mimi nitakayekitengeneza kila siku mpaka siku ambayo haitakuwa na haja.

Basi yakawa ndiyo maisha yetu. Maziwa, blanketi, kitambaa, kinu. Nilikuwa na friji dogo, na umeme ukikatika niliweka bakuli ndani ya beseni la maji. Nguvu zilimrudia kidogo, akawa anakaa nami uani tukichambua kotimiri. Ilikuwa kwenye majani hayo tulipozungumza yale ambayo hatukuwahi kuyazungumza.

Mimi ndiye niliyeanza. "Siku ulipoposwa, ulijua mimi nipo?"

"Nilijua."

"Na ukakubali."

Alichuma majani kadhaa kabla ya kujibu. "Nilikuwa nimetoka kwenye ndoa ya mtu aliyekuwa ananipiga, dada. Huyu hapigi. Nikajiambia, mwanamume asiyepiga, hata nikipata nusu yake, inanitosha."

Miaka yote nilikuwa nimemfikiria kama mtu aliyekuja kuchukua, na hapa alikuwa ananiambia alikuja kujificha.

"Alinieleza wewe ni mkali sana," akaendelea. "Kwamba nisithubutu kuja kwako hata kukusalimia."

"Mimi aliniambia wewe hutaki kuniona."

Tulitazamana. Kuku walikuwa wanachakura mavumbini karibu na miguu yetu. Nilisubiri hasira ije, na nadhani naye aliisubiri, lakini ilikuwa imechelewa mno, haikuwa na mahali pa kukaa.

"Ni mtu wa kupenda utulivu," alisema mwishowe, akarudi kwenye majani yake.

Mtu huyo wa kupenda utulivu alikuwa anakuja kila anaporudi na boti. Alileta zabibu, alileta juisi za maboksi, alileta mananasi, vitu ambavyo kila kimoja kingemuunguza mgonjwa. Nilimwambia mara ya kwanza, nikamwambia ya pili, kisha nikawa napokea na kugawa kwa watoto wa jirani. Alikuwa hasogei ndani ya chumba. Alisimama mlangoni, mkono mmoja juu ya fremu, anauliza hali, anajibiwa, anatoka. Nilikuja kufahamu kwamba alikuwa anaogopa ile shingo. Siku moja nilimpa samaki na ile sosi, akala, akasema, "Inataka pilipili." Kisha akaketi barazani, akaniuliza, "Anaendeleaje?" na dirisha la chumba cha mgonjwa lilikuwa wazi, hatua chache kutoka pale.

"Ingia umuulize."

"Namchosha nikimwongelesha."

Nilipoingia kumtolea vyombo, mke mwenzangu alikuwa amegeukia ukuta. Alikuwa amesikia. Nikakusanya vyombo, nikatoka.

Ndimu ndiyo iliyotangulia kuondoka. Asubuhi moja alitia kijiko mdomoni, nikaona mkono wake umeshika ukingo wa mkeka kwa nguvu. "Kesho punguza ndimu," alisema. Nikapunguza. Baada ya siku kadhaa akaniambia niiache kabisa, nikabakiza ganda la limau peke yake, kwa ajili ya harufu. Kisha thomu ikaanza kumchoma. Nikaitoa. Changu alikuwa ameshamshinda, hata nikimponda vipi, akasema anasikia nyuzi. Nikawa nampa viazi vilivyopondwa mpaka vikawa uji, navyo vikaondoka.

Majani yalikuwa magumu kuyaacha, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hataki. Lakini siku moja kipande cha mnanaa kilimkwama. Alikohoa mpaka mishipa ya kichwa ikasimama, nami nikampiga mgongoni nikiogopa nitamvunja. Baada ya hapo nikaanza kuyatwanga, nayakamua kwenye kitambaa, natia matone ya yale maji ya kijani, mtindi unakuwa na rangi ya mpunga mchanga. Aliupenda hivyo kwa muda. Alikuwa anautazama kabla ya kuula. Halafu hata maji yale yakawa makali. Chumvi ikafuata. Mwishowe nilikuwa natengeneza mtindi mtupu, nauchuja kama kawaida na kisha nauregeza kwa maji yake mwenyewe yaliyodondoka, namlisha kwa kijiko cha chai.

Sikuacha kununua malimau. Nilikwangua moja na kuliweka kwenye kisahani kando ya kitanda, chumba kikanukia. Alikuwa analichukua, analizungusha kwenye kiganja, ananusa vidole vyake.

Muuguzi wa zahanati alisema arudishwe Dar. Mume wetu alikuwa tayari, hilo nampa haki yake, alishatafuta hata gari la kutupokea tukivuka. Mgonjwa alikataa. "Huko nitakufa nikiwa kwenye foleni," aliniambia. "Niache hapa." Sikumbembeleza. Nilikuwa namwosha kila siku, nilijua kilichobaki.

Binti yake alikuja katika majuma hayo ya mwisho. Alivuka bahari kutoka Nyamisati, akafika na baibui limelowa chumvi na begi la mgongoni. Alinisalimia vizuri, "Shikamoo, mama mkubwa," akaenda chumbani. Alikaa kidogo tu. Akatoka uani, akafungua bomba, akanawa uso muda mrefu, maji yakawa yanamwagika miguuni. Mama yake alikuwa amemficha kwenye simu. Kila mara alimwambia anaendelea vizuri, na mimi, nilipopewa simu, nilisema hivyo hivyo kwa sababu nilionyeshwa kwa jicho.

Baadaye aliingia jikoni akakuta bakuli.

"Hiki ndicho anachokula?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Mtindi mtupu?" Alichovya ncha ya kijiko, akaonja. "Hata chumvi hakuna. Mama mkubwa, mama hali mtindi hivi. Mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Lazima kuwe na ndimu, lazima kuwe na mnanaa. Hiki ni chakula cha mtu mliyeshamkatia tamaa."

Nilifungua mdomo nimweleze. Kabla sijaanza nikasikia ukuta unagongwa kutoka chumbani, taratibu, kwa kiganja. Nikaenda. Mke mwenzangu alikuwa amenyanyua kichwa. Akakitikisa kunizuia.

"Mwache," alisema. Sauti ilikuwa pumzi tu. "Mwache apike."

Binti alipika kama mtu aliyekua ubavuni mwa mpishi. Mikono yake ilikuwa myepesi kuliko yangu, hakupima kitu, hakuuliza kitu isipokuwa kisu kiko wapi. Alikuwa analia huku anakwangua limau, anajifuta kwa bega. Alitia thomu, akatia majani yote mawili, akakamua ndimu nzima. Alipomaliza ilikuwa ile sosi yenyewe, yenye kung'aa, nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuitengeneza mimi, na harufu yake ilijaa nyumba.

Alimpelekea mama yake. Nilisimama mlangoni, pale pale ambapo mume wetu alizoea kusimama.

Mgonjwa alikishika kijiko mwenyewe. Akakitia mdomoni, akameza. Uso haukubadilika. Lakini nilikuwa upande wa miguuni, na chini ya shuka niliona vidole vya miguu vimejikunja.

"Ni tamu, mama?"

"Tamu."

Akala kijiko kingine. Na kingine. Machozi yalikuwa yanamtiririka na binti akayafuta kwa khanga, naye analia, akadhani ni machozi ya kuonana. Labda yalikuwa hayo pia. Mimi niliondoka. Nilichukua ndoo nikaenda kuchota maji, na mapipa yote nyumbani yalikuwa yamejaa.

Tangu jioni ile hakuweza kumeza hata mate. Nilichovya pamba kwenye maji nikawa nampitishia midomoni. Binti alikuwa uani anazungumza na simu. Mke mwenzangu alinishika mkono, akasema, "Usimwambie." Nikamjibu, "Simwambii, mdogo wangu." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Sikupanga, lilitoka lenyewe.

Binti alikuwa na mitihani. Mama yake alimlazimisha arudi, akamwambia anasikia nafuu tangu ale chakula chake. Aliondoka akiwa na uso mwepesi kuliko aliokuja nao, akaniachia maelekezo ya namna ya kutia ndimu.

Mke mwenzangu alifariki asubuhi, nikiwa njia ya Baleni. Nilikuwa bado nafuata maziwa, ingawa alikuwa hawezi tena kuyameza. Sikujua namna ya kuanza siku bila kuyafuata. Nilikuwa nimeshajaziwa kidumu jirani aliponipigia simu. Alisema neno moja tu, "Rudi." Nilirudi nimekikumbatia kidumu juu ya pikipiki, na nilipofika wanawake walikuwa wameshajaa uani. Mmoja wao alikichukua mkononi mwangu. Sikuuliza kilikokwenda.

Niliingia katika kumwosha. Alikuwa mwepesi kama kitu kilichoanikwa. Walimzika Kanga kwa watu wake, na wanaume waliorudi walisema mume wetu alilia kaburini hata akashikiliwa. Naamini. Alikuwa anampenda, ila mapenzi yake yalikuwa hayawezi kuingia chumbani.

Waliokuja kunipa pole hawakujua wanipe pole ya namna gani. Hakuna maneno ya kumpa mtu aliyefiwa na mke mwenzake. Wengi walinishika mkono wakasema, "Pole, na wewe umepumzika." Niliitikia ahsante. Usiku na mchana nilikuwa natafuta kitu cha kufanya kwa mikono. Kitambaa kilikuwa bado kinaning'inia kwenye msumari, kimekauka na kuwa kigumu, nikakichoma pamoja na majani ya uani.

Binti hunipigia Ijumaa, mpaka sasa. Tunaulizana hali, ananieleza ya chuoni. Mara moja aliuliza, "Mama mkubwa, siku ile niliyompikia. Alikula kweli, au alitaka kunifurahisha tu?"

"Alikula," nilisema. "Si ulimwona?"

"Ilimfaa?"

"Ilimfaa, mwanangu."

Nikasikia anashusha pumzi. Sijui jawabu langu lile limeandikwa upande upi. Huwa nalifikiria nikimaliza kuswali.

Mume wetu sasa ni mume wangu peke yangu. Nyumba ya Kilindoni amempangisha mtu, zamu zimekwisha, na siku zote za wiki yuko hapa. Miaka ile nilipokuwa nahesabu usiku asiokuwepo nilidhani hiki ndicho ninachokitaka. Anasoma Kurani asubuhi, anakwenda kuona nazi zake, anarudi, anaketi barazani. Jina la marehemu hajalitaja mbele yangu hata mara moja.

Juzi alinikuta nachambua samaki, akasema, "Ile sosi ya mtindi huitengenezi siku hizi."

Nilitafuta maziwa, nikayagandisha, nikachuja kwa kitambaa kipya. Nikatia kila kitu, thomu, majani, ganda, ndimu yake kamili. Nilimwekea mezani pamoja na samaki wa kukaanga nikaketi upande wa pili. Alianza kula kwa kuinamisha kichwa. Alikula kama nusu, kisha akaweka mkono juu ya meza, akakaa hivyo, akainuka bila kunawa, akatoka nje. Nilimsikia anapenga kamasi nyuma ya nyumba. Sikumfuata. Hakuwahi kutufuata sisi kule ndani.

Nikafunika bakuli, nikaosha kinu. Alikaa nje mpaka adhana ya alasiri, akaenda msikitini. Aliporudi tulizungumza habari za paa, kwamba makuti ya upande wa jikoni yameoza na inafaa yabadilishwe kabla ya masika. Alisema atamwita fundi. Nikamwambia amwite mapema.